Mfutaji Anayewasha: hotuba kuhusu jeni ya PTPN11

(Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano, naiweka yote hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika. Picha nilizokuwa narusha ukutani nimeziacha, penye picha nimeeleza kwa maneno.)

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, na nyie wanafunzi mliobanana huko mlangoni, sogeeni mbele jamani, viti vipo, hakuna mtu anang'atwa huku.

Naanza na swali. Ukiambiwa ndani ya seli kuna protini ambayo kazi yake ni kufuta, yaani wenzake wanaweka alama yeye anafuta, wanaweka anafuta, halafu siku moja umeiondoa kabisa hiyo protini, unategemea nini kitatokea? Unategemea alama zitajaa, si ndio? Ishara zitazidi, seli itakua bila mpangilio. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema hivyo. Na watu wenye akili timamu kweli walisema hivyo.

Sasa kuna jeni moja iko kwenye kromosomu namba 12, inaitwa PTPN11. Inatengeneza protini inayoitwa SHP2. Kazi yake ni kufuta, hilo halina ubishi. Lakini ukiiondoa, ishara ya kukua inafifia. Seli inaambiwa kua, haikui. Panya waliokosa hiyo jeni kabisa wanafia tumboni mwa mama zao mapema sana. Na ikizidi nguvu ndio matatizo yanaanza upande wa pili, moyo unaumbika vibaya, damu inaweza kugeuka kansa. Mfutaji ndiye anayewasha! Hilo ndilo nimekuja kulisema leo, mengine yote nitakayosema ni kuwaonyesha inawezekanaje.

Tuanze na alama yenyewe. Alama ni fosfati. Homoni au kichocheo cha ukuaji kinafika nje ya seli, kinashika kipokezi kilichotokeza kwenye utando, na upande wa ndani kipokezi kinabandikwa fosfati kwenye mkia wake. Protini zinazobandika zinaitwa kinasi. Zinazobandua, hao ndio wafutaji, zinaitwa fosfatasi. Na fosfati haibandikwi popote tu, kwa miaka mingi watu walijua inakaa kwenye asidi amino mbili (asidi amino ni vile vipande vidogo vinavyoungwa kutengeneza protini), serini na threonini, wakaridhika, vitabu vikaandikwa.

Ikafika mwaka 1979. Tony Hunter, wa Taasisi ya Salk kule California, alikuwa anachunguza protini ya kirusi kinacholeta uvimbe kwa panya. Kutenganisha hizo asidi amino unatumia umeme na kimiminika cha asidi kinaitwa bafa, na bafa inatakiwa iwe na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ya 1.9. Ya kwake ilikuwa ya zamani, imetumika na kutumika tena, pH imeshuka mpaka kama 1.7, na mwenyewe amesimulia mara nyingi bila aibu kwamba alikuwa mvivu wa kutengeneza nyingine. Sasa sikilizeni. Kwenye pH ya kawaida fosfati ya tairosini na ile ya threonini zinakimbia pamoja, zinatua sehemu moja, huwezi kujua kama ni mbili. Kwenye bafa yake iliyochakaa zikaachana. Likatokea doa ambalo halikutakiwa kuwepo. Tairosini! Asidi amino ya tatu!

Wanafunzi, msiondoke hapa mkaenda kumwambia msimamizi wa maabara kwamba nimewaruhusu kutumia bafa za mwaka juzi. Hunter aliliona doa akaliuliza wewe ni nani, wengi wetu tungelifuta tukasema jaribio limeharibika.

Kwa nini ilichukua muda wote huo kuiona? Kwa sababu ni chache mno. Katika seli ya kawaida, kati ya fosfati 2,000 zilizobandikwa kwenye protini, ya tairosini ni kama moja, au hata chini ya hapo. Na kwa nini ni chache? Zinabandikwa sana tu, ila zinafutwa haraka. Kuna mtu anafuta. Ni nani?

Hapo ndipo anaingia Edmond Fischer. Huyu na mwenzake Edwin Krebs, wakiwa Seattle miaka ya 1950, ndio walioonyesha kwamba kubandika na kubandua fosfati ni namna ya kuwasha na kuzima vimeng'enya, na wakapewa Nobel mwaka 1992. Kwenye maabara ya Fischer kijana mmoja, Nicholas Tonks, akapewa kazi ya kumtafuta mfutaji wa tairosini. Akamtafuta wapi? Kwenye kondo la nyuma, ile plasenta inayotoka baada ya mtoto kuzaliwa, kwa kuwa ni nyama nyingi ya binadamu na kwa kawaida inatupwa. Akasafisha hatua kwa hatua mpaka akabaki na protini moja safi, PTP1B, mwaka 1988.

Wote walidhani mfuatano wa asidi amino zake utafanana na wafutaji wa serini waliokuwa wameshajulikana. Haukufanana hata kidogo! Ulifanana na protini nyingine kabisa, CD45, inayokaa juu ya seli nyeupe za damu, ambayo watu walikuwa wanaijua kwa sura tu, kazi yake hakuna aliyekuwa anaijua. Kumbe nayo ni mfutaji. Yaani siku moja familia nzima ikafunuka. Leo tunajua binadamu ana kinasi za tairosini kama 90, na wafutaji wa tairosini wa jadi ni kama 38, ukiweka na ndugu wa mbali familia inapita 100. Karibu wote wanatumia ujanja ule ule, kuna asidi amino moja, sisteini, imejificha shimoni, salfa yake inainyakua fosfati kutoka kwenye tairosini, inaishika kidogo, halafu maji yanaiosha. Kwenye SHP2 ni sisteini namba 459.

PTP1B yenyewe ilifuata akili ya kawaida. Mwaka 1999 walitengeneza panya wasio nayo, na wale panya insulini ikafanya kazi vizuri zaidi mwilini mwao, na wakilishwa chakula cha mafuta hawanenepi kama wenzao. Umeondoa mfutaji, ishara imezidi. Inaeleweka. Kama wafutaji wote wangekuwa hivyo ningemalizia hapa tukaenda kunywa chai.

Lakini SHP2 haikutaka kueleweka.

Twende kwa nzi. Ndiyo, nzi, wale wadogo wanaozunguka matunda yaliyoiva. Nzi ana jeni inayolingana na PTPN11 yetu, iliitwa corkscrew, ilielezwa mwaka 1992. Kiinitete cha nzi kina kipokezi kinaitwa Torso ambacho kinakiambia huku mwisho ni kichwa, huku mwisho ni mkia. Ukiharibu Torso, ncha mbili haziumbiki. Ukiharibu mfutaji, ungetegemea ncha zizidi, si ndio? Hazikuzidi. Zilipungua! Mfutaji alikuwa upande mmoja na kipokezi, wanavuta kamba pamoja.

Inawezekanaje? Hapa naomba utulivu kidogo maana ndipo utamu wenyewe ulipo.

Ndani ya seli kuna protini inaitwa Ras. Ras ikiwashwa, ishara inashuka hatua kwa hatua mpaka kwenye kiini, jeni za kukua zinaamka. Ras ina mzimaji wake, anaitwa RasGAP. Sasa kipokezi kikibandikwa fosfati hakibandikwi moja, kinabandikwa kadhaa, na kila fosfati inaita mtu wake. Fosfati moja inaita wanaowasha Ras. Fosfati nyingine, hapo hapo jirani, inamwita RasGAP aje azime. Mnanipata? Kipokezi kile kile kinaita mwashaji na mzimaji kwa wakati mmoja. Kwa nzi waliweza kuzitaja kwa namba kabisa, tairosini 918 ya Torso ndiyo inamwita RasGAP, na tairosini 630 ndiyo inamwita mfutaji. Mfutaji anafika, anatua kwenye 630, anaigeukia 918 anaifuta. RasGAP anakuja hana pa kushika. Ras inabaki inawaka.

Amefuta, ndiyo. Alichofuta ni wito wa mzimaji.

Kwa binadamu njia ni zaidi ya hiyo moja, SHP2 inafuta pia alama kwenye protini nyingine zinazoibana Ras, na wataalamu wanagombana mpaka leo ipi ina uzito zaidi kwenye seli ipi. Mimi naona ugomvi huo ni wa afya, kwa kuwa naamini jibu litatofautiana seli na seli. Na tusije tukageuza kibao tukasema basi SHP2 kazi yake ni kuwasha tu. Hapana. Kwenye seli T, wale askari wa kinga, kuna kipokezi PD-1 alichokigundua Tasuku Honjo na wenzake mwaka 1992, na kikiguswa kinaiita SHP2 ije ipooze askari, na hapo inapooza kweli. Protini moja, shimo moja, sisteini moja. Ukitaka kujua itawasha au itazima uliza kwanza imeitwa wapi, na imekuta alama gani hapo.

Imeitwa. Hilo neno lishikeni, linatupeleka kwenye umbo lake.

SHP2 ina urefu wa asidi amino 593. Mbele ina vipande viwili vya kushika alama, vinaitwa SH2, cha kwanza na cha pili. Katikati ndipo penye shimo la kufutia. Nyuma kuna mkia. Mwaka 1998 watafiti walipata picha yake kwa mionzi ya eksirei, na waliloliona ni zuri sana, kile kipande cha SH2 cha kwanza kimejikunja nyuma kimejichomeka kwenye shimo la kufutia, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe. Imejifunga. Haiwezi kufuta chochote. Ikitokea alama za tairosini pale kwenye kipokezi au kwenye protini ya pembeni yake, kile kipande kinaziona, kinazishika, na kikizishika kinatoka shimoni. Mdomo uko wazi. Kwa hiyo SHP2 haizururi ikifuta ovyo, inafunguka pale tu ilipoitwa, na inafuta vilivyo karibu. Hata ningepewa nafasi ya kuitengeneza upya nisingebadilisha kitu.

Sasa jiulizeni, itakuwaje kiganja kikilegea?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na daktari wa moyo wa watoto, Jacqueline Noonan, Marekani. Alikuwa anawaona watoto wenye tatizo la valvu, ile ya kwenda kwenye mapafu ni nyembamba damu haipiti vizuri. Wengine wangetibu valvu wakamwita mgonjwa anayefuata. Yeye aliwatazama usoni. Akaona watoto tisa, hawana undugu, lakini wanafanana! Macho yameachana, kope zimelegea, masikio yamekaa chini, shingo fupi, kimo kifupi. Wavulana na wasichana. Akaandika mwaka 1963. Leo inaitwa sindromu ya Noonan, na inakadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 1,000 hadi 2,500 wanaozaliwa, kwa hiyo jamani si kitu adimu kama mnavyodhani, katika ukumbi mkubwa kama huu kuna uwezekano mtu ana ndugu mwenye hali hiyo na familia haijui jina lake.

Chanzo kilikaa gizani karibu miaka 40. Mwaka 2001 Marco Tartaglia, Bruce Gelb na wenzao wakakipata, PTPN11. Karibu nusu ya wenye Noonan wana herufi moja ya DNA iliyobadilika kwenye hiyo jeni. Herufi moja! Na mabadiliko yalipowekwa juu ya ile picha ya 1998, mengi yakaangukia pale pale kiganja kinapokutana na mdomo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili. Kiganja kimelegea, SHP2 inafunguka bila kuitwa vizuri, Ras inawaka kupita kiasi wakati moyo na uso wa mtoto vinaumbika.

Nakala moja iliyobadilika inatosha kuleta hali hiyo, kwa hiyo mzazi mwenye nayo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kumrithisha kila mtoto, na mara nyingi pia inaanza upya kwa mtoto bila mzazi yeyote kuwa nayo. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kina mama wanabebeshwa lawama zisizo zao. Si alichokula, si alichokiona, si mtu aliyemkosea. Ni herufi moja.

Miaka miwili baadaye, 2003, hadithi ikawa nzito zaidi. Kuna lukemia, yaani kansa ya damu, ya watoto wadogo inaitwa JMML. Wakaangalia, karibu theluthi moja ya hao watoto wana mabadiliko ya PTPN11, ila si ya kurithi, yametokea ndani ya seli za damu peke yake. Na ni makali zaidi. Asidi amino namba 76 ikibadilika vibaya kiganja karibu kinatoka kabisa. Kwa nini hatuyaoni mabadiliko hayo makali kwa watoto wanaozaliwa nayo mwili mzima? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mimba haiwezi kuyabeba. Kulegea kidogo mwili mzima, ni Noonan. Kulegea sana kwenye damu tu, ni lukemia. Jeni ile ile, sehemu ile ile, kinachotofautiana ni kiasi na mahali.

Nikisema hivi kuna mjanja mmoja huwa ananyoosha mkono ananiuliza, je sindromu ya madoadoa mengi ya ngozi, ndugu yake Noonan, mbona hapo SHP2 uwezo wake wa kufuta umepungua na bado mgonjwa anafanana na Noonan? Swali zuri mno. Pale shimo lenyewe ndilo limeharibika, lakini uharibifu huo huo unafanya kiganja kisikae vizuri, protini inakaa wazi muda mrefu. Inafuta taratibu, ila haiondoki kazini. Wengi tunadhani hilo ndilo jibu, au sehemu kubwa ya jibu.

Nije kwa mwizi. Kuna bakteria wa tumboni, Helicobacter pylori, karibu nusu ya watu duniani wamekuwa wakiishi naye. Mnamkumbuka Barry Marshall, yule daktari wa Australia aliyemnywa mwaka 1984 kuonyesha kwamba anadhuru tumbo, akaugua kweli, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobel. Aina kali za huyu bakteria zina kitu kama sindano, zinachoma seli ya ukuta wa tumbo na kuingiza protini inaitwa CagA. Sasa angalieni ujanja. CagA ikishaingia, kinasi za seli yako wewe zinaibandika fosfati kwenye tairosini. Unaibandika mwenyewe! SHP2 inaona alama, inadhani imeitwa, inashika, inafunguka. Masanori Hatakeyama na wenzake wa Japani walilionyesha hilo mwaka 2002. Seli zinarefuka, zinaachana na wenzake, ukutani inaanza njia ambayo kwa baadhi ya watu inaishia kwenye kansa ya tumbo. Na CagA ya bakteria wa Asia Mashariki inaishika SHP2 kwa nguvu kuliko ya nchi za Magharibi. Bakteria hana hata kiini cha seli, lakini anajua lugha ya tairosini kuliko sisi tuliosomea.

Basi kwa nini hatuna dawa ya kuibana SHP2 siku zote hizi? Kwa miaka mingi wafutaji hawa walionekana hawabaniki. Shimo lina chaji kali, kwa hiyo dawa inayolipenda shimo nayo inakuwa na chaji, na yenye chaji haipenyi utando wa seli. Halafu mashimo ya ndugu wote yanafanana, unalenga mmoja unapiga ukoo mzima. Kampuni nyingi zikakata tamaa. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya dawa ya Novartis wakatoa molekuli inaitwa SHP099, na hawakuligusa shimo kabisa. Walitafuta kijitundu kingine, pale vipande vyote vinapokutana protini ikiwa imejifunga, wakaweka dawa hapo, ikazigandisha pamoja. Kiganja kimeganda mdomoni. Mimi nilipoisoma niliacha chai ikapoa.

Inafanya kazi lini? Kwenye kansa ambazo vipokezi ndivyo vinavyopiga kelele na SHP2 yenyewe ni nzima. Haifanyi vizuri kwenye yale mabadiliko makali ya lukemia, namba 76, maana hapo kiganja hakirudi ili kigandishwe. Inauma, wale watoto ndio ungependa kuwasaidia kwanza. Molekuli za aina hii zimeshaingia kwenye majaribio kwa wagonjwa, nyingi zikipewa pamoja na dawa zinazoibana KRAS, ambaye ni ndugu wa Ras niliyoitaja. Dawa ya kwanza ya hivyo, sotorasib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021, na inaishika KRAS ikiwa imezimika tu. Ukiibana SHP2, KRAS nyingi zaidi zinakaa zimezimika, zinashikika. Ndio maana wanaziweka pamoja.

Haya, muda wangu umeisha na mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili. Maswali. Dada aliyenyoosha mkono tangu nilipokuwa kwenye bakteria aanze yeye, halafu yule mzee wa mstari wa pili.